Gari kwenye gemu likiingia majini: kipi ni cha kweli, kipi ni maigizo?

GTA Vice City ilitoka mwaka 2002, na kila aliyeicheza anajua kitu kimoja: Tommy hajui kuogelea. Ukitumbukia baharini umekwisha. Lakini kwenye kompyuta ukiandika neno SEAWAYS, gari lile lile linakimbia juu ya bahari kama boti ya kwenda Zanzibar. Mwaka 2004 ikaja San Andreas, CJ akajua kuogelea, tukashangilia.

Leo mambo yamebadilika sana. Kuna magemu ya magari ambayo injini inakufa kwa sababu imevuta maji, lori tupu linachukuliwa na mto wakati lori lenye mzigo linapita, na boti inazama chumba kimoja baada ya kingine. Wachezaji wanaita uhalisia.

Ni uhalisia kiasi gani? Na kuna swali la pili ambalo ni zito zaidi: mtu aliyezoea kuvusha mito kwenye gemu, siku akikutana na mafuriko barabarani, alichozoea kitamsaidia au kitamponza? Twende taratibu.

Gari ni boti bovu

Kanuni ni ya Archimedes, Mgiriki wa Siracusa aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kitu kikiwa majini kinasukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa pembeni na kitu hicho. Basi. Hakuna mengine.

Mita moja ya ujazo ya maji ya mto au ziwa ina kilo 1,000. Ya bahari ni nzito kidogo, takriban kilo 1,025, kwa sababu ya chumvi.

Sasa chukua gari dogo la kilo 1,200. Tuseme tumbo lake, yaani sehemu ya chini, lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.5. Hiyo ni mita za mraba 6. Maji yakipanda sentimita 10 juu ya usawa wa tumbo, yameshasukuma gari juu kwa nguvu ya kilo 600. Yakipanda sentimita 20, ni kilo 1,200. Uzito wote umebebwa.

Tumbo la gari la kawaida liko sentimita 17 hivi kutoka kwenye lami. Jumlisha na zile 20, unapata 37. Maji hayajafika hata magotini kwa mtu mzima, na gari lako tayari halina uzito juu ya tairi.

Hii ni hesabu ya haraka haraka, maana gari si sanduku. Lakini haipo mbali na ukweli. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaonya madereva kwamba sentimita 30 hivi za maji yanayokimbia zinatosha kuchukua magari mengi madogo, na sentimita 60 zinachukua hata pikapu na magari makubwa ya familia.

Halafu maji yanaanza kuingia ndani. Raba za milango zimetengenezwa kuzuia mvua, si ziwa. Ndani kukijaa, ujazo uliokuwa wa hewa unakuwa wa maji, na gari linashuka. Mbele kunatangulia kwa sababu injini iko huko.

Kwa hiyo gemu lolote linalotaka kuiga gari majini lina kazi tatu: kuelea, kuvuja, na kusukumwa. Mengi yanafanya ya kwanza tu.

Namba moja kwenye faili

Magemu ya GTA ya enzi zile, yaani GTA III, Vice City na San Andreas, yana faili moja linaloitwa handling.cfg. Unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Kila gari lina mstari wake: uzito, kitovu cha uzito, breki, na kadhalika. Vijana wengi walioanza kuchokonoa magemu walianzia hapo.

Ndani ya mstari huo kuna namba inaitwa nPercentSubmerged. Inaeleza gari lizame asilimia ngapi ndipo maji yalibebe. Ikizidi 100, gari linazama.

Yaani gemu halihesabu ujazo wa gari hata kidogo. Halijui kama madirisha yako wazi. Halijui kama umebeba watu wanne. Aliyetengeneza ameandika namba, na gari linaitii. Kwa gemu la kukimbia polisi inatosha kabisa, kusema kweli, na kwa vifaa vya wakati ule huwezi kuwalaumu.

Maboya yasiyoonekana

Njia inayofuata ndiyo inayotumika zaidi mpaka sasa. Mtengenezaji anaweka maboya ya kufikirika kwenye chombo, mara nyingi manne, moja kila kona. Kila fremu, gemu linauliza kila boya: uko chini ya maji kwa kina gani? Lililo chini zaidi linasukuma juu kwa nguvu zaidi. Mfumo wa maji wa Unreal Engine, injini inayotumiwa na studio nyingi za magemu, unafanya kazi hivi hivi.

Matokeo yake si mabaya. Boti inainuka mbele ikipanda wimbi, inalala upande ikikata kona. Na ni nafuu kwa prosesa.

Tatizo ni kwamba kati ya boya na boya hakuna kitu. Wimbi dogo likipita katikati, chombo hakina habari. Pia bila breki ya kutosha kwenye mwendo wa juu na chini, chombo kinarukaruka kama mpira. Ukiona boti kwenye gemu inadunda bandarini bila sababu, mara nyingi ndiyo hiyo.

Kukata bodi vipande

Mwaka 2015, Jacques Kerner wa Avalanche Studios, waliotengeneza Just Cause 3, aliandika hadharani jinsi boti za gemu hilo zinavyofanya kazi. Bodi ya boti kwenye kompyuta imeundwa na pembetatu nyingi. Yeye alichukua kila pembetatu na kuangalia: iko juu ya maji, chini ya maji, au imekatwa katikati na uso wa maji? Iliyokatwa inagawanywa, na sehemu iliyo chini inahesabiwa kanieneo ya maji kulingana na kina chake.

Ukijumlisha zote unapata kuelea kwa umbo halisi la chombo. Boti yenye tumbo pana inatulia, nyembamba inayumba, na hakuna aliyeandika namba ya kuilazimisha.

Kwenye maelezo yake kuna kitu kingine muhimu: maji hayasukumi juu tu. Yanasugua ubavuni, yanazuia mbele, na boti ikiruka na kutua, yanapiga kama ukuta. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Hiyo ndiyo inayofanya boti ya gemu ionekane iko majini na si kwenye barafu.

Hewa iliyofungiwa

Hapa ndipo Stormworks inapoingia. Gemu hili la uokoaji baharini, la kompyuta, lilianza kuuzwa 2018 likiwa bado linajengwa, na toleo kamili likatoka 2020. Unajenga chombo mwenyewe kwa vipande vidogo vya mchemraba: boti, helikopta, hata gari la majini na nchi kavu.

Utamu wake uko kwenye vyumba. Ukijenga chumba kikazibwa pande zote, gemu linatambua kuna hewa humo na chombo kinaelea. Ukiacha tundu, maji yanaingia na uzito unaongezeka upande huo. Wachezaji wapya hulia sana na jambo hili: wamejenga boti nzuri, wameishusha majini, inalala ubavu, inakwenda chini. Wamesahau kuziba sehemu moja tu.

Kwetu sisi jambo hili lina jina. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka Ziwa Victoria ikikaribia Mwanza. Meli haikwenda chini mara moja. Ilibaki tumbo juu, ikishikiliwa na hewa iliyonaswa ndani. Waokoaji walitoboa tumbo la meli ili kuwatoa waliokuwa hai humo. Hewa ikatoka kupitia tundu lile, maji yakapanda, meli ikazama. Waliokufa katika ajali ile ni mamia.

Gemu la maboya manne haliwezi kukuonyesha kilichotokea pale, kwa sababu kwenye gemu hilo hewa haipo. Kuna chombo kinachoelea au kinachozama, na kitufe katikati.

Jambo la pili ambalo magemu mengi hayagusi ni maji yaliyo ndani yanapohama. Meli ikiinama kidogo, maji ya sakafuni yanakimbilia upande ule ule na kuilaza zaidi. Tarehe 6 Machi 1987 kivuko cha Herald of Free Enterprise kilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele ikiwa wazi. Maji yaliingia kwenye sakafu ya magari, yakahama upande mmoja, na kivuko kikalala ndani ya dakika chache. Walikufa watu 193. Sakafu ya kivuko ni pana na haina kuta za kugawa, kwa sababu magari lazima yapite. Ndiyo maana vivuko vya magari viko hatarini kuliko meli za mizigo zenye vyumba.

Injini ikivuta maji

Turudi kwenye magari. Gemu linalosifiwa zaidi kwa uhalisia ni BeamNG.drive, la kampuni ya Bremen, Ujerumani, lililoanza kupatikana mwaka 2013. Gari humo si kitu kimoja kigumu. Ni nukta nyingi zenye uzito, zimeunganishwa na nguzo zinazoweza kupinda na kukatika, na hesabu yake inarudiwa mara 2,000 kwa sekunde. Ukigonga ukuta, bodi inakunjamana kama bati la kweli.

Majini, kila nukta inapata nguvu zake. Na kuna ujanja mzuri: nukta za mahali injini inapovutia hewa zimewekewa alama. Zikizama, injini inavuta maji na kuharibika.

Fundi yeyote wa gereji anakijua kisa hiki. Pistoni imezoea kubana hewa, na hewa inabanika. Maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikakuta maji, kitu lazima kiachie, na mara nyingi ni konrodi inayopinda. Ukiwa na bahati injini inazima tu. Ukilazimisha kupiga stata hapo hapo, unamalizia kazi.

SnowRunner, la mwaka 2020, linaufanya mchezo mzima kuwa juu ya suala hili. Unavusha malori kwenye tope na mito, na unanunua snokeli ili bomba la kuvutia hewa lipande juu ya kabini. Mkondo wa mto nao unasukuma: gari jepesi linaelea na kwenda upande, lori lililopakia linashika chini. Hicho ni kipande cha ukweli ambacho wengi hawakitarajii.

Lakini snokeli inaokoa injini, haiongezi uzito. Madereva wa gari zenye snokeli mtaani hulisahau hili.

Mkondo: hapa ndipo watu wanapokufa

Rudi kwenye gari letu la kilo 1,200 na weka maji ya sentimita 35. Maji yamepanda sentimita 18 juu ya tumbo, yamebeba kilo 1,080. Uzito uliobaki kwenye tairi zote nne ni kilo 120. Lami iliyolowa ikishika kwa nusu ya uzito huo, tairi zina uwezo wa kuzuia msukumo wa kama kilo 60 na si zaidi.

Sasa mto unakuja kutoka ubavuni kwa mita 2 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 7 kwa saa, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Ukipiga hesabu ya msukumo kwenye ubavu wa gari uliozama, unapata kama kilo 160.

Kilo 160 dhidi ya 60. Gari linakwenda, na dereva ameshika usukani ambao hauongozi chochote.

Kibaya zaidi, msukumo unakua kwa mraba wa mwendo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Ukiwa umesimama kando ya mto, macho hayawezi kuona tofauti hiyo.

Na gari kubwa? Watu huamini basi ni zito, litapita. Basi la tani 10 lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 2.4 lina tumbo la mita za mraba 24. Kwa hesabu ile ile, maji yakipanda sentimita 42 juu ya tumbo, kabla hayajaingia ndani, yamebeba tani zote 10. Ubavu wake mrefu nao ni kama tanga.

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba watu wakienda harusini liliingia kwenye daraja la mto Enziu, karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui nchini Kenya, maji yakiwa yamepita juu ya daraja. Mto ulilichukua mbele ya watu waliokuwa wakitazama ng'ambo. Zaidi ya watu 30 walifariki.

Kwenye magemu ya magari, kitu ambacho sijakiona kikiigwa vizuri ni barabara yenyewe kuondoka. Kwenye gemu, chini ya maji kuna ramani, na ramani haiondoki. Ukishavuka mara moja, utavuka tena. Kwenye maisha, maji ya udongo yanaficha kama lami bado ipo au kuna shimo la mita mbili. Dereva aliyepita hapo jana hana faida yoyote.

Maji yasiyojali

Kitu kingine cha kujua: karibu kila gemu, maji yenyewe ni picha ya uso tu. Mawimbi yanatengenezwa kwa hesabu za zamani sana. Moja ni ya Gerstner, msomi wa Bohemia wa mwanzoni mwa karne ya 19. Nyingine ilienezwa na Jerry Tessendorf, ambaye mwaka 2001 alifundisha njia ya kutengeneza bahari kwa kompyuta inayotumika mpaka leo kwenye filamu na magemu.

Mawimbi yanasukuma gari, lakini gari halisukumi maji. Maji hayajikusanyi nyuma ya gari lililokwama, hayapiti njia nyingine, hayapungui mtaro ukizibuliwa. Kuiga hilo kunahitaji kuhesabu mamilioni ya chembe, na kompyuta ya nyumbani inachemka kabla hujafika mtaa wa pili.

Mlango haufunguki

Kwenye GTA unabonyeza kitufe, CJ anafungua mlango chini ya maji, anaogelea. Rahisi.

Mlango wa kweli wenye sehemu ya mita za mraba 0.8 ndani ya maji, kwa kina cha wastani cha sentimita 40, umekandamizwa na nguvu ya kilo 320 hivi kutoka nje. Hakuna mtu wa kuusukuma. Utafunguka tu gari likishajaa maji, ndani na nje kukiwa sawa, na kungoja hapo ni kamari.

Ndiyo maana waokoaji wanasema dirisha kwanza, tena mapema, gari likiwa bado linaelea. Fungua mkanda, shusha kioo, watoto watoke kwanza, nawe ufuate. Vioo vya umeme mara nyingi bado vinafanya kazi katika dakika ya kwanza. Maji yakishapanda juu ya usawa wa dirisha, kioo kinabanwa na kushuka kunakuwa shida. Usipoteze muda kupiga simu ukiwa ndani. Toka, ndipo upige.

Na kwenye simu?

BeamNG.drive, Stormworks na SnowRunner si magemu ya simu. Zile APK za mtandaoni zinazojiita BeamNG ya simu hazitoki kwa watengenezaji wake, usiziwekee simu yako rehani.

Magemu ya magari ya simu mengi yako kwenye njia ya maboya au ya namba kwenye faili. Si uvivu. Simu haina feni, prosesa ikichemka inapunguza kasi, na betri nayo inalia.

Ukitaka kupima gemu lako, chukua lori tupu uliingize majini polepole, angalia linaanza kuelea maji yakifika wapi. Kisha lipakie mzigo, rudi pale pale. Likielea kwenye alama ile ile, ujue kuna mtu aliandika namba.